Jiko la Mama Lisilofuka Moshi

S.L.P. 47,
Butiama,
Musoma.

20 Novemba, 1988.

Mpendwa Dada Pelagia,

Pokea salamu zetu za hapa nyumbani, zikukute ukiwa mzima pamoja na Shemeji Alfonce na wanetu Florian na Esta. Je, baridi ya Iringa imepungua? Uliandika kwamba Florian alikuwa anasumbuliwa na mafua. Natumaini sasa amerudi shuleni na anawasumbua walimu badala yake. Na wewe mgongo wako vipi, bado zamu za usiku zinakuchosha?

Huku sisi sote tu wazima. Mvua za vuli zimeanza kwa adabu, hazijang'oa kitu. Muhogo umeshika vizuri. Yule ng'ombe mwekundu uliyemwita Bibi Harusi amezaa ndama dume. Baba Mdogo Nyamburi anakusalimu na anasema anakumbuka uliahidi kumletea blanketi la Iringa, na kwamba yeye si mtu wa kusahau.

Barua yako ya mwanzoni mwa Oktoba niliipata. Sikuijibu upesi, na najua umeshaanza kusema Kasmiri amekuwa mkubwa hata hajibu barua. Sababu ni kwamba sikuwa na jibu. Leo ninalo, na mkono unataka kutangulia akili kwa furaha, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko ukienda mbio.

Uliandika kwamba katikati ya Desemba utapata likizo na utakuja kumchukua Mama akaishi kwenu moja kwa moja, kwa kuwa nyumba mliyopewa ina jiko la umeme na kifua chake hakiwezi tena moshi wa kuni. Hukukosea, Dada. Wewe ni muuguzi na ulimsikia mwenyewe Pasaka alivyokuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Hata daktari wa Musoma alimwambia mwezi wa tano, mbele yangu, kwamba achague: au aache moshi, au moshi umalize macho na kifua chake. Kwa hiyo niliposoma barua yako niliona umesema kweli tupu, na kweli hiyo ilinikaa kama mfupa kooni.

Nilimsomea Mama barua yote kwa sauti, kama anavyopenda. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Iringa kuna mtama?" Nikamwambia sijui, nadhani wanakula mahindi.

Hakukataa, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake alianza kugawa vitu. Kuku wake wawili walikwenda kwa jirani yetu Nyangi. Halafu ungo mpya. Halafu, siku moja nimerudi kazini, nikaona mafiga yamekaa wazi na kile chungu kikubwa cheusi hakipo, kile alichopewa na Bibi alipoolewa hapa. Nikamuuliza kiko wapi. Akasema, "Nimempa Nyangi. Pelagia anapika kwa waya. Chungu kitakaa wapi juu ya waya?" Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayefagia. Lakini unajua kwamba kila jioni akitoka kufunga ndama hupitia kaburi la Baba nyuma ya zizi, hata kama ni kung'oa jani moja tu. Siku hizo alikuwa akikaa pale mpaka giza linaingia.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikukuandikia mapema kwa kuogopa kukupa tumaini bichi.

Mwezi wa sita, nikiwa Bunda kwenye mkutano wa vyama vya msingi vya pamba, tulipelekwa nyumbani kwa Mzee Enoka, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mimi nilifikiri tunakwenda kunywa chai. Kumbe chai yenyewe ndiyo somo. Ilichemshwa juu ya jiko la chuma lenye moto wa buluu, na moto huo ulitoka kwenye shimo la samadi ya ng'ombe. Fundi aliyelijenga anaitwa Danford, kijana wa Musoma, mrefu, mwenye maneno mengi na mikono iliyopasuka kwa saruji. Alitueleza kwamba ndani ya samadi mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo havitaki hewa wala mwanga. Ukivifungia ndani ya shimo lililozibwa vizuri, ukavipa samadi na maji kila siku, vinakula, na katika kula kwao vinatoa gesi inayowaka. Kinachobaki kinatoka upande wa pili kama uji mweusi, na huo ni mbolea nzuri kuliko samadi yenyewe, tena haunuki.

Nilikunywa chai ile nikimwona Mama. Usiku ule niliandika katika shajara yangu mstari mmoja tu: Jiko bila moshi, Bunda, nimeliona kwa macho.

Danford alikubali kuja. Namshukuru Mungu saruji siku hizi inaonekana madukani. Ingekuwa ile miaka ya foleni, shimo letu lingekuwa bado karatasini. Tulichimba chini ya zizi, mahali pa mteremko, tukajenga kuba la matofali chini ya ardhi kama chungu kilichofunikwa. Upande wa juu kuna mdomo wa kuingizia samadi, upande wa chini kuna tundu la kutokea uji, na utosini kuna bomba linalokwenda jikoni.

Baba Mdogo alikuwa anakuja kila asubuhi kutucheka. Anavuta kigoda, anakaa, anaanza. "Wenzako umri huu wanajengaga nyumba waoe. Wewe unajengea mavi nyumba ya saruji, na mwenyewe unalala kwenye udongo." Danford akamjibu kwamba haya mavi yataolewa kabla ya Kasmiri. Baba Mdogo alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akawa anamwita Danford mkwe.

Mwezi wa nane gesi ilitoka. Moto ulikuwa mdogo, wa kuchemsha sufuria ya chai tu, lakini ulikuwa moto. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nikajizuia nione kwanza. Nashukuru nilijizuia, kwa sababu wiki chache baadaye moto ulianza kupungua, ukawa wa kushtuka-shtuka, na mwishoni mwa Septemba ukafa kabisa. Tuliendelea kulisha shimo kila asubuhi. Lilikaa kimya kama mtu aliyenuna. Na ndipo barua yako ilipofika.

Sasa unaelewa kwa nini sikukujibu. Ningesema nini? Njoo umchukue Mama, au usije, kwa ajili ya shimo lililokufa?

Nilimtumia Danford habari Musoma kwa dereva mmoja wa lori. Akaja. Alikagua bomba lote kwa maji ya sabuni kutafuta povu, hakuona mahali panapovuja. Akapiga magoti kwenye mdomo wa shimo, akachota samadi kiganjani, akanusa. Akanusa tena. Akanigeukia. "Kasmiri, hii samadi inanukia hospitali."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anakaza kanga kiunoni, na nikajua kuna neno.

Dada, naomba usikasirike, na ukiweza ucheke. Unalikumbuka dumu la dawa uliloleta Pasaka, ile ya maji inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiichanganya? Unakumbuka ulivyotukalisha chini wote, kwa sababu ya ile hofu ya kipindupindu, ukatufundisha kwamba adui ni vijidudu, na kwamba visivyoonekana ndivyo vinavyoua? Mama hakusahau hata neno moja. Kila jioni, mimi nikishaingia ndani, yeye alikuwa anakwenda na kata ya dawa yako anasuuza ule mdomo, dawa yote inateremka ndani. Na Jumapili ambayo wanawake wa Jumuiya walikuja kusali kwetu, aliongeza kata mbili, wageni wasikute harufu.

"Mlisema humo ndani mna vijidudu," Mama akasema. "Nikasema, mwanangu hajui. Pelagia amesoma udaktari, yeye amesoma pamba."

Sikujua nicheke au nilie. Danford yeye hakucheka. Aliketi kwenye ukingo wa shimo, akaongea na Mama kwa upole, na ningependa ungekuwapo.

"Mama, kibuyu chako cha maziwa mgando, unakioshaga kwa dawa?"

Mama akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Kichaa gani anaosha kibuyu kwa dawa? Maziwa yatagandaje?"

"Unakioshaje?"

"Kwa maji na kijinga cha moto. Na maziwa ya jana unabakiza kidogo chini. Hayo ndiyo yanafundisha ya leo."

"Basi," Danford akasema, "na hili shimo ni kibuyu. Samadi ya jana inafundisha ya leo. Wewe umekuwa unaua mwalimu kila jioni."

Mama alichungulia mdomo wa shimo. Kisha akaingia ndani, akatoka na dumu lako, likiwa limebaki robo, akaliweka miguuni pangu. "Hili liende chooni," akasema, "na Pelagia akija atueleze vizuri ni vijidudu gani wa kuua na gani wa kulisha. Alitufundisha nusu."

Kwa hiyo, Dada, jiandae. Una somo la kumalizia.

Lakini kujua ugonjwa si kupona. Danford alisema kazi ni tatu: kutoa shimoni sehemu kubwa ya kile kilichoharibika, kulijaza upya kwa samadi safi na maji, halafu kupanda mbegu, yaani kuleta vijidudu hai kutoka mahali vinapoishi. Mbegu alizozitaka zilikuwa za namna mbili. Moja ni uji wa shimo linalofanya kazi, na la karibu alilolijua ni lile la Mzee Enoka, Bunda. Ya pili ni yale majani yaliyosagika tumboni mwa mnyama aliyechinjwa sasa hivi, maana humo ndimo vijidudu hivyo vinapoanzia maisha.

Hapo nikakumbuka kwamba Baba Mdogo alikuwa na mbuzi wa kuchinja wiki hiyo, kwa kubariki nyumba mpya ya mwanawe. Na unajua majani ya tumboni katika shughuli kama hiyo si takataka. Ni ya wazee, ya kupaka watu na milango. Nilikwenda kumwomba nikiwa na soni.

"Hayo ni ya baraka," akasema, "siyo ya jiko."

Nikamweleza tena, kwa kirefu. Nikamwambia habari ya barua yako pia, kwamba shimo lisipoamka Mama ataondoka. Hakuwa ameambiwa, Mama alikuwa anagawa vyungu bila kumwambia shemeji yake. Alikaa akichora chini kwa fimbo. "Kaka yangu amelala pale nyuma ya zizi," akasema mwishowe, "halafu mkewe aende akazikwe kwenye baridi." Kisha akanyanyuka. "Nitakuja mwenyewe. Lakini nitatupia mimi, kwa mkono wangu, na nitasema maneno. Siyo kumwaga tu kama makapi."

Alikuja kweli, na bakuli la mti, amevaa koti lake la kwendea barazani. Akasimama juu ya mdomo wa shimo, akatupia kidogo kidogo kwa mkono wa kulia, akisema kwa lugha yetu: kula ushibe, lala vizuri, uamke, umwachie mama huyu macho yake. Mama alikuwa pembeni akifanya ishara ya msalaba, na nilipomtazama akaninong'oneza kwamba mwili ukiugua mtu hachagui nani amwombee. Danford alivua kofia. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, na nakiri kwamba macho yangu hayakuwa makavu.

Kwa ile mbegu ya Bunda nilikwenda kwa baiskeli. Mzee Enoka alinijazia madumu mawili ya uji mweusi. Danford alikuwa ameniasa nisikaze vifuniko. Lakini unanijua mimi na mambo yangu. Nilifikiri habari ya barabara na mashimo yake, nikaona tone lisipotee, kwa hiyo dumu la kwanza nililikaza kwa nguvu zote na kulifunga kwa mpira wa tairi. La pili kifuniko chake kilikuwa kibovu, nikakiachia na kuziba kwa gunzi.

Jua lilikuwa kali. Nilipofika Kiabakari nikasimama kandokando ya barabara kuweka mnyororo uliochomoka. Nimeinama hivi, nikasikia mlio kama wa mlango uliopigwa teke. Dumu la kwanza lilikuwa limevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, na kifuniko kimeruka. Uji wote ulinijia. Kichwani, shingoni, ndani ya shati jeupe la ofisini.

Watu wa Kiabakari hawana haya. Mama mmoja muuza michembe ya viazi vikavu aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Kaka, hiyo ni pombe gani inayompiga mtu kabla hajainywa?" Mwingine akanitambua. "Huyu si karani wa pamba? Kumbe siku hizi anapima mavi." Wakacheka wote. Na mimi, Dada, nikacheka kuliko wao, nimesimama barabarani natiririka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Kitu kilichokufa hakivimbi wala hakirushi kifuniko. Nilikuwa nimebeba kitu kilicho hai. Nililegeza gunzi la dumu la pili likapumua, nikapanda baiskeli, nikaenda mpaka nyumbani bila kuhisi mlima.

Dumu hilo moja lilitosha. Siku za kwanza gesi iliyotoka haikuwaka. Danford alisema ni kawaida, tuiachie ipite. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi kuweka sikio kwenye bomba. Mama alikuwa akijifanya hajali, lakini nilimkuta mara mbili anaulisha mwenyewe mdomo wa shimo, akikoroga samadi na maji kwa mikono, akitoa majani makavu moja moja kama anayechambua mchele.

Ijumaa ya tarehe 28 Oktoba, saa kumi jioni, nilimwambia awashe yeye. Nikafungua koki, akasogeza kiberiti, akarudi nyuma haraka. "Haujawaka," akasema. Kwa mwanga wa mchana moto ule hauonekani, ni buluu hafifu kama hakuna kitu. Akapeleka kiganja juu yake, akakitoa kwa kasi na neno ambalo sitaliandika. Kisha akafunga mlango, akafunga na dirisha, jiko likawa giza, na hapo akauona umekaa duara, umetulia, kama ua. Alikaa mbele yake kwenye kigoda. Nilisubiri akohoe, kwa mazoea. Hakukohoa.

Jioni hiyo tulikula ugali wa mtama na udaga wa muhogo, na sato wa kuchemsha aliyeletwa kutoka Musoma. Mama alisonga ugali mara mbili, wa pili bila mtu yeyote kuwa na njaa, ili tu aone kama moto utachoka. Haukuchoka. Tulimpelekea Baba Mdogo huo wa pili, akala wote, kisha akasema hauna ladha ya moshi na hivyo si ugali kamili, akauliza kesho tutapika saa ngapi.

Na asubuhi yake likatokea jambo ambalo hata Danford hakulitabiri. Kumepambazuka tu, nikasikia mtu anakimbia uani analia, "Jamani, Mama Pelagia! Mama Pelagia!" Ni Nyangi, kanga moja, miguu mitupu. Maana unajua tunavyoishi huku: kila mtu akiamka hutazama jiko la mwenzake, na moshi ukipanda anajua mwenye nyumba ameamka salama. Nyangi alitazama kwetu, hakuona moshi. Akangoja, hakuona. Akamaliza habari yote kichwani mwake, ya kile kikohozi na ya vitu vilivyogawiwa, akaja kulia msiba. Alimkuta Mama ameketi anakunywa uji.

"Uko hai?" Nyangi akauliza.

"Labda uji ndio umekufa," Mama akasema. "Chukua kikombe."

Wamekubaliana sasa kwamba Mama akiamka atakuwa anafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa uani, ili watu wasije wakamzika kwa ajili ya kukosa moshi. Kitambaa kiko pale kila siku. Nimekizoea hata mimi. Nikirudi kutoka safari ya Bunda nakitafuta kwanza kwa mbali.

Kuna na mengine yaliyonifurahisha ambayo sikuyategemea. Unakumbuka zamani mvua ikinyesha samadi ya zizi ilikuwa inateremka yote mpaka kijitoni, na watu wa bondeni wanachota maji hayo hayo, na kila masika watoto wanaharisha? Mwaka huu mvua zimenyesha na maji yameteremka safi, kwa sababu samadi inaingia shimoni. Uji unaotoka nimeumwagia migomba, na inavyonyanyuka utafikiri imeitwa. Sasa kila ninapopita nawaza vijidudu tu. Nikiona damu na uchafu wa machinjio unatiririka mtaroni, au vichwa vya sangara vimerundikwa ufukweni kule Musoma, zamani nilikuwa naziba pua. Siku hizi nasimama nahesabu ni majiko mangapi yangewaka. Danford anasema hata huo uchafu wa machinjio na samaki unaweza kulishwa shimoni, kwa kipimo. Ameniomba tuitishe watu wa hapa waje waone kwetu, na Mama amekubali, kwa sharti kwamba kila mgeni aoneshwe kwanza dumu la dawa na kuambiwa halitumiki humu.

Lakini nirudi kwenye jibu lako. Alhamisi iliyopita nilimpeleka Mama kwa daktari yule yule wa Musoma. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwangalia macho, akauliza amehamia wapi. Mama akasema hajahama, amehamisha moto. Daktari akamwambia kifua kimeanza kusafika, kovu la zamani lipo na halitaondoka lote, lakini aendelee hivyo hivyo na arudi mwezi wa pili. Nimekuandikia alivyosema bila kuongeza, kwa kuwa wewe ndiwe unayejua maana yake kuliko sisi.

Dada, sikukatazi. Mama ni wetu sote, na wewe umemwogopea kuliko sisi tuliozoea kumsikia akikohoa. Ninachokuomba ni hiki: njoo Desemba kama ulivyopanga. Kaa jikoni naye, funga mlango, usikilize kifua chake mwenyewe kwa vyombo vyako. Ukiona nimejidanganya, utamchukua, na mimi nitambebea mzigo mpaka stendi. Lakini tiketi ya kurudi kata ya mtu mmoja kwanza. Ya pili haitachelewa ikihitajika.

Mnisalimie sana Shemeji Alfonce, na mwambie shimo linamsubiri afisa mwenzangu wa kukoroga. Nawasalimu Florian na Esta. Waambie Bibi Harusi ana mtoto na hana jina. Msalimie Mama Mkwe wako pia. Huku anakusalimu Mama, Baba Mdogo Nyamburi, Nyangi na watu wake, na Danford ambaye hamjaonana ila anakuita Dada Dawa.

Mungu aliye na macho ya kuona hata visivyoonekana akulinde zamuni na njiani, akulete nyumbani salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukutazamia,

Kasmiri.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, nimeifungua tena. Mama alisikia ninaandika Iringa, akaniuliza nimesema nini, nikamsomea. Alivaa kanga ya pili akatoka. Nikadhani amekwenda kwenye kaburi la Baba. Kumbe amekwenda kwa Nyangi, na sasa hivi ameingia na chungu cha Bibi kichwani. Nyangi anamfuata nyuma akipiga kelele kwamba mtu mzima hadai zawadi aliyokwisha kuitoa, na kwamba kuku hawarudi, wameshataga. Mama ameketi mlangoni na kisu, anakwangua masizi ya chungu, masizi ya miaka yote. Anasema Pelagia akija akae ale, maharage yapikwe ndani yake. Upande mmoja umeshatokea. Dada, sikujua. Chungu kile ni chekundu.